Mama, Potezea

Mara ya kwanza mama yangu kuambiwa "potezea," aliinama akaanza kutafuta.

Ilikuwa Jumapili mchana nyumbani kwetu Kakese, tumetoka kanisani, tumeshakula, vyombo bado viko chini. Mama alikuwa anaeleza, kwa mara ya ngapi sijui, kwamba jirani amekula tena tuta la shamba letu. Kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa, alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka anachezea simu. Bila kuinua kichwa akasema, "Mama, potezea."

Mama akashika pindo la kanga alipofungia ufunguo wa stoo, akaupapasa, akaukuta upo. Akatazama mkekani. Akainua sufuria ya ugali akachungulia chini yake.

"Kimepotea nini?" akauliza.

Tulicheka. Kaka alicheka mpaka simu ikamponyoka. Mimi pia nilicheka, sitadanganya, maana jinsi alivyoinua ile sufuria na uso wake mzito ungecheka hata wewe. Mama naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajaelewa lakini hataki kuharibu furaha ya watoto wake. Mama ni Msukuma. Wazazi wake walishuka huku na ng'ombe wao kutoka kaskazini akiwa binti mdogo, na Kiswahili alijifunza ukubwani, sokoni na kanisani. Kwa hiyo kila neno analichukua kama lilivyo. Ukimwambia poteza, anaelewa poteza.

Kaka akamfafanulia. "Potezea, mama, maana yake achana nayo. Usiifuatilie. Fanya kama hujaona."

"Kama sijaona," mama akarudia. "Na nimeona."

"Ndiyo hivyo. Umeona, ila unapotezea."

"Sasa hapo nani amepoteza?"

Tulikuwa bado tunacheka. Siku hizi swali hilo ndilo ninalolala nalo. Shauri letu liko baraza la kata, na juzi tu, kwenye benchi la kusubiri, mtu nisiyemjua alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, halafu akanishauri nipotezee. Nilinyanyuka nikahamia benchi lingine. Ningebaki pale ningemzaba kofi, na shauri lingekuwa jingine.

Shamba letu liko nyuma ya nyumba, linateremka mpaka kwenye kijito kinachokauka kiangazi. Upande wa machweo limepakana na la jirani. Mpaka wenyewe ulikuwa mstari wa minyaa aliyoipanda baba, ile miti isiyo na majani ya maana, yenye utomvu mweupe ambao ukikuingia jichoni utazikumbuka dhambi zako zote. Mwisho wa mstari, kwenye kona, ulisimama mnyaa mmoja mkubwa kuliko yote, na chini yake mawe. Hapo ndipo alipolala mdogo wangu.

Alikuwa mtoto mchanga, hajaanza hata kukaa. Homa ilimchukua katikati ya mvua, barabara ya kwenda makaburi ya kanisa imekatika, daraja limekwenda na maji. Katekista alifika kwa miguu akambatiza, na alipokata roho baba alichimba mwenyewe pale konani, akapanga mawe, akachomeka kijiti cha mnyaa upande wa kichwani. Kijiti kikashika. Mimi nilikuwa darasa la pili, nilibeba mawe madogo madogo kwa ndoo. Baba naye alishafariki, amezikwa kanisani penye msalaba wa saruji na jina. Mtoto hana msalaba. Alikuwa na mnyaa na mawe, na ana mama, ambaye kila msimu hapalilii kitu chochote kabla hajapalilia pale. Akimaliza anakaa kwenye kivuli chake kile chembamba, anakunywa maji, ndipo anaendelea na mahindi.

Kwa hiyo mama aliposema tuta limeliwa, hakuwa analilia mahindi. Alikuwa anapima kilichobaki kati ya jembe la jirani na yale mawe.

Jirani mwenyewe si mtu baki. Alihama pamoja na ukoo wa mama, anasali kanisa letu, ndiye baba wa ubatizo wa kaka yangu, na siku ya kumzika yule mtoto alikuwepo, ameshika koleo. Ana maksai, wanyama wazuri, wameshiba, wanaelewa wakiitwa. Mvua ya kwanza ikinyesha watu wote wa upande wetu wanamtazama yeye, maana anayelimiwa mapema anavuna, na anayelimiwa mwishoni anaambulia mabua. Mwezi huo jirani anaamkiwa shikamoo hata na watu waliomzidi umri.

Sasa sikiliza wizi unavyofanyika mchana kweupe, na mwizi anakusalimia. Maksai wakifika mwisho wa mstari wanahitaji nafasi ya kugeuka. Plau inainuliwa, wanyama wanazungushwa, wanarudi walikotoka. Mkulima mwenye adabu anageuzia ndani ya shamba lake, na ile sehemu ya kugeuzia anaiacha, anakuja kuilima mwishoni kwa kukatisha. Jirani alikuwa anageuzia kwetu. Mwanzoni zilikuwa kwato tu, mahindi machache yamekanyagwa, na pole akatoa. Msimu uliofuata, pale palipokanyagwa akapalima. Akasema pamekuwa pagumu, ametusaidia kupalainisha. Uliofuata akapanda. Na ukishapanda huwezi kugeuzia hapo tena, utaharibu mimea yako, sivyo? Kwa hiyo akasogea mbele kidogo kupata pa kugeuzia. Bandu bandu huisha gogo. Minyaa ya baba ikawa inavunjwa na mabega ya ng'ombe, mmoja leo, mwingine mwakani, na tukichomeka vijiti vipya vinakanyagwa kabla havijashika.

Mimi kazi yangu ni kushona. Nina kibanda Mpanda mjini karibu na soko, na redio yangu inaimba tangu nafungua mpaka nafunga. Nililisikia neno hili likiingia kwa njia hiyo, kwanza kwenye nyimbo za vijana wa Dar, kisha kwa watangazaji, kisha kwa madereva wa bodaboda wanaoegesha mbele yangu, na mwisho nikalisikia linatoka kwa mama mmoja wa Wanawake Wakatoliki, mwenye rozari mkononi. Hapo nikajua limeshafika.

Si kwamba kabla yake tulikuwa watakatifu. Tulikuwa tunafumbia macho, tulikuwa tunafunika kombe mwanaharamu apite. Lakini katika maneno hayo kulikuwa na aibu kidogo. Anayefumba macho anajua kwamba ana macho, na anayefunika anajua alichokifunika. Potezea halina aibu hata chembe. Linasemwa kwa kupandisha bega, mtu anatafuna muwa, kama ujanja fulani. Anayepotezea ndiye mwelewa, ndiye mtu wa watu. Anayefuatilia ana gubu, hana kazi ya kufanya, ni mshamba, hajamjua Mungu. Aliyefanya ubaya hatajwi kabisa. Unageuziwa kibao wewe uliyeona, kana kwamba macho yako ndiyo yaliyokosa.

Mteja wangu mmoja alikuja kupimwa gauni la sherehe ya shemeji yake. Alipovua mtandio, mkononi alikuwa na alama za vidole, vinne upande huu na gumba upande wa pili, na si vidole vyake. Nikamuuliza, "Dada, nini hii?" Rafiki aliyemsindikiza akanijibu kwa niaba yake. "Ameshapotezea huyo, wewe pima." Nikapima. Hasira zikanifanya nikosee bega na ikabidi nifumue usiku kucha, na yule dada alikuja kuchukua gauni lake amevaa mikono mirefu kwenye joto la mwezi wa kumi. Sokoni nako, muuza dagaa anabonyeza mizani kwa kidole cha mwisho. Unamwona, naye anaona kwamba umemwona, na mnachekeana. Ukisema, watu watatu nyuma yako kwenye foleni wanakugunia wewe.

Shuleni tulikuwa tunaimbishwa: pika, pikia, lima, limia, poteza, potezea. Mwalimu alisisitiza kwamba neno la namna hiyo haliishii hewani, lazima pawe na mtu tendo linapomfikia. Ukilimia, kuna mwenye shamba. Ukipikia, kuna mlaji. Na potezea tuliijua vizuri kuliko zote, kwa sababu ndilo lilikuwa shtaka letu la kila siku. "Mwalimu, huyu amenipotezea kalamu." Aliyepoteza alisimamishwa, akatumwa nje kuitafuta kwenye majani, na hakurudi kukaa mpaka aipate. Hiyo ndiyo potezea niliyokua nayo. Ilikuwa na mwenye mali, na ilikuwa na mtu wa kwenda kutafuta. Hawa wa redio wameondoa wote wawili, wamebakiza neno tupu, na sisi tumelipokea kama mkate wa bure.

Basi nilifunga kibanda siku moja nikaenda kwa jirani mwenyewe. Nilimkuta uani na wageni wake, wanakunywa uji.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu kiti. Mjini hamjambo?"

Nilikaa, nikaulizwa habari za cherehani, nikaulizwa habari za wateja, nikazijibu zote kwa adabu niliyofundishwa. Halafu nikasema, "Baba, ng'ombe wako wanageukia kwetu."

"Ni kweli kabisa," akasema, bila hata kubishana. "Sasa wageukie wapi, mwanangu? Ng'ombe hawageuki hewani."

Wageni wakaangua kicheko. Mimi nikangoja wamalize.

"Wageukie kwako."

"Kwangu nimepanda."

"Hapo ulipopanda ni kwetu."

Akatabasamu kama mtu anayemwona mtoto akijifunza kutembea. Nikamwambia, "Na yule mtoto pale konani je? Umebakiza matuta machache tu umfikie."

Hapo akaacha kutabasamu. Akavua kofia. "Yule ni malaika," akasema. "Nilikuwepo, unajua nilikuwepo. Nani anaweza kumgusa malaika?" Aliposema hivyo nilimwamini, Mungu ananiona. Wakati naondoka akamwambia mkewe anifungashie michembe, viazi vile vya kukaushwa. Nikaibeba, kwa sababu kukataa chakula cha mzee ni ugomvi mwingine kabisa.

Jioni hiyo hiyo kaka akanipigia simu. Habari zilishamfikia.

"Wewe unakaa mjini," akasema. "Mvua ikinyesha nani atamlimia mama? Cherehani yako? Mpotezee yule mzee, mambo yaende."

"Yaende wapi?"

"Yaende tu."

Nilimkatia simu. Kaka yangu si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichoma. Anamjengea mama choo, anamletea mchele, mama akiumwa halali. Lakini shamba lake mwenyewe, lile la kule juu, ndilo linalolimwa la kwanza kila msimu, kabla ya la mtu yeyote, kwa sababu ni mtoto wa ubatizo. Niliwachunguza wote waliotushauri kupotezea, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa na shamba la kulimiwa. Mwenye nguvu mpishe, wanasema. Na wanampisha kupitia kwako.

Sikukata tamaa, nikaenda kwa mwenyekiti wetu, akaitisha kikao uani kwake. Viti vya plastiki vikapangwa, wazee wakakaa, jirani akaja amebeba kreti ya soda kama vile ni kipaimara. Nikaeleza. Nikaomba jambo moja tu: twende wote pamoja, tuchimbie nguzo kwenye mstari wa zamani wa minyaa, tangu barabarani mpaka konani, ili kila mtu auone mpaka.

Mwenyekiti akanisikiliza kwa upole mkubwa. "Binti yetu umesema vizuri," akasema. "Lakini nguzo ni za watu wasioelewana. Nyie ni ndugu. Tukichimbia nguzo tutakuwa tumechimbia uhasama. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

"Yajayo ndiyo haya haya, mwenyekiti. Yanakuja na plau."

Wakacheka, wakapeana soda. Kaka akanikanyaga mguu. Mwenyekiti akamgeukia mama, ambaye alikuwa amekaa pembeni muda wote amekunja mikono, soda yake iko chini haijafunguliwa. "Mama, wewe ni mtu mzima, una busara. Hili ni jambo dogo. Lipotezee."

Mama akalifikiria lile neno. Nilimwona akilifikiria, midomo inacheza taratibu kama anapotafuna karanga.

"Nikilipoteza," akasema, "nani atanitafutia?"

Walicheka tena, wengine wakapiga makofi, na mzee mmoja akasema huyu mama ana utani huyu. Mama hakuwa anatania. Aliuliza swali kwa Kiswahili safi kabisa, mbele ya watu wazima wanaokijua Kiswahili kumshinda, na wote walikunywa soda juu ya swali lake. Nilisimama nikawaambia ukicheka na nyani utavuna mabua, nikaondoka bila kuaga, na nasikia kikao kilifungwa kwa sala.

Msimu uliopita jirani hakuja na maksai. Alikodi trekta.

Ng'ombe akigeuka anahitaji nafasi ndogo tu. Trekta ikigeuka inahitaji uwanja. Sikujua habari za trekta mpaka asubuhi mama aliponipigia simu kibandani, naye si mtu wa kupiga simu, huwa anasubiri apigiwe.

"Mayu," akasema, kama Wasukuma wanavyomwita binti wanapomwita kwa upendo, yaani mama. "Njoo."

"Kuna nini?"

"Njoo tu."

Niliacha kitambaa kwenye sindano. Bodaboda aliendesha kama anakimbia askari, na sikumwambia apunguze. Nilipozunguka nyuma ya nyumba nikaona shamba lote limefunguka, udongo umepinduliwa, mweusi, unanukia vizuri kabisa, kama unavyonukia udongo mpya siku ya mvua. Kona haikuwepo. Sisemi iliharibiwa. Haikuwepo. Ule mnyaa ulikuwa umetupwa kando, mizizi juu, utomvu umeganda kwenye majeraha. Jirani alikuwa amelima shamba lake na letu kwa pamoja mpaka kwenye majani ya kijito, mistari mirefu iliyonyooka vizuri.

Mama alikuwa katikati ya ile mistari na ndoo. Anainama, anaokota jiwe, analifuta udongo kwa kidole, analitazama, analiweka ndooni. Anatembea kidogo, anaokota lingine, analitazama, hili analitupa. Sijui alikuwa anayatambuaje. Mawe ya shambani yanafanana yote.

Dereva wa trekta alikuwa amekaa kivulini mwa gurudumu lake, mtu mzima kutoka Sitalike, hatumjui hatujui. Nilimwendea nikiwa tayari kumng'oa macho. Akasimama kabla sijafika.

"Dada, mimi niliuliza," akasema. "Niliona mti umesimama peke yake na mawe chini. Nikazima mashine, nikamuuliza mzee, huu vipi? Akaniambia, huo potezea."

Alisema hivyo hivyo. Huo potezea. Na dereva wa watu, kwa kuwa ni mgeni na ameajiriwa, akapotezea kwa chuma. Akaniuliza pale palikuwa na nini. Nilipomwambia akavua kofia, akakaa tena chini, kwenye udongo wenyewe.

Nilimpigia kaka na mwenyekiti, nikamwita jirani kwa sauti ambayo nadhani ilifika Kasokola. Wakaja wote watatu. Jirani alianza kuongea kabla hajafika. Ilikuwa bahati mbaya, dereva hakuelewa, yeye alimaanisha aukwepe. Nilimtukana. Matusi yale siyaandiki hapa, na si kwa kuona haya, ila mengi yalikuwa ya Kisukuma na Kiswahili hakina mahali pa kuyaweka. Mtu aliyevua kofia mbele yangu akasema nani anaweza kumgusa malaika! Mwenyekiti akanyoosha mikono kunituliza, akasema hasira hasara, tukae tuzungumze kindugu. Nikamuuliza safari hii kreti ya soda ataleta nani.

Kaka alikuwa anamtazama mama na ndoo yake. Akamsogelea. "Mama," akasema, "basi. Imeshatokea. Cha kufanya sasa ni ku..." Akaishia hapo. Tangu niijue sauti ya kaka yangu, hiyo ndiyo siku pekee ambayo neno lile lilimkwama.

Mama akaiweka ndoo chini.

"Mmenipotezea mtoto," akasema.

Hakulia. Alisema kwa Kiswahili chake kile cha sokoni na kanisani, kila neno mahali pake, na safari hii hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akatazama viatu vyake.

"Mlisema nipoteze," mama akaendelea. "Wewe ulisema, na wewe, na wewe mwanangu ulisema. Haya, amepotea. Aliyepoteza ndiye anatafuta. Nionyesheni. Alikuwa amelala wapi?"

Walitazamana. Halafu kaka akanyoosha kidole, mahali fulani karibu na alipokuwa amesimama. Mwenyekiti akasema hapana, ni mbele zaidi, akaonyesha kule. Jirani, aliyekuwepo siku ile na koleo mkononi, alizungukazunguka, akatafuta nyumba yetu kwa macho, akatafuta kijito, kisha akaonyesha mahali pa tatu, mbali na wote wawili. Vidole vitatu hewani, na udongo wote chini yake unafanana. Nami niliyebeba mawe kwa ndoo utotoni nilijaribu kuvuta mstari kwa jicho, tangu kona ya nyumba mpaka nilipokumbuka mnyaa, na mkono wangu haukuthubutu kunyanyuka.

Mama akasubiri mpaka mikono yao iliposhuka yenyewe. Kisha akachukua ndoo yake ya mawe, akaanza kurudi nyumbani. Hakukatisha shambani kama alivyokuwa akikatisha siku zote. Alizunguka mbali, kwenye majani marefu ya kijito, ananyanyua kanga yake isishike umande, kwa sababu hakujua tena ni wapi asikanyage.